Leza kwa mbwa anayechechemea: Kigali ianzie wapi?

KIGALI. Mbwa wanaonusa magari kwenye malango ya hoteli kubwa za jiji hili hushinda wamesimama, wakiruka na kuzunguka juu ya lami. Miaka ikisonga, nyonga na magoti huanza kuuma. Mbwa hasemi. Huchelewa kuinuka asubuhi, hukwepa ngazi, hulamba kiungo kilekile kila mara, na mwenye kumtunza humwita mvivu.

Kwa maumivu ya namna hii, kliniki nyingi za wanyama Ulaya na Marekani hutumia leza. Asili yake ni Budapest mwaka 1967, pale daktari Endre Mester alipomulika kwa leza dhaifu panya walionyolewa na kukuta manyoya yao yanaota upesi. Mwanga mwekundu, au ule usioonekana kwa macho, hupenya ngozi na kufyonzwa na mitokondria, yaani sehemu ya seli inayotengeneza nguvu. Inaaminika kwamba hapo ndipo uponaji wa kidonda huchochewa na uvimbe hupungua. Mnyama hachanjwi wala halazwi kwa dawa. Hulala mkekani dakika chache, macho yake na ya daktari yakiwa yamekingwa. Penye saratani hapamulikwi.

Je, inafanya kazi? Matokeo ya utafiti yanapishana. Yapo majaribio yaliyoonyesha nafuu kwenye viungo na vidonda, na yapo yasiyoona tofauti yoyote, kwa sababu nyingine ikiwa kwamba mashine na vipimo vya mwanga havifanani. Kwa hiyo leza ni nyongeza. Kumpunguza mbwa uzito, kumtembeza kwa kiasi na kumpa dawa iliyoandikwa na daktari wa mifugo hutangulia.

Dawa, hasa, ndiyo penye hatari. Kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumuua paka. Ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Kidonge hicho hutolewa kwa huruma, na duka la dawa liko karibu kuliko daktari wa wanyama.

Kigali ina historia nzito na mbwa. Wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mbwa walikula miili ya waliouawa, na wanajeshi waliosimamisha mauaji hayo waliwapiga risasi. Kwa familia nyingi mbwa hakurudi haraka kuwa rafiki wa nyumbani. Utabibu wa mifugo nao uliegemea ng'ombe, na haishangazi, katika nchi ambayo tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka unazigawia kaya maskini ng'ombe. Madaktari wake hufunzwa Nyagatare, eneo la wafugaji.

Ujuzi wa mbwa na paka unaweza kutoka jirani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makubaliano ya kutambuana kwa madaktari wa mifugo, yanayomwezesha aliyesajiliwa katika nchi moja kuomba usajili katika nyingine. Mhitimu wa Makerere, Nairobi au Sokoine aliyezoea viungo vya mbwa angeweza kuhudumu Kigali, mradi baraza la huku limsajili. Anayetangaziwa tiba ya leza ana haki ya kuuliza kwanza: nani ameshika mashine hiyo, amesajiliwa wapi, na je, amempapasa mbwa huyo nyonga kabla ya kuiwasha?