Fahamu nyaya za kidhibiti joto cha jokofu na kiyoyozi kabla ya matengenezo

Na Mwandishi Wetu, Katavi

Kwa miaka mingi wakazi wa Mpanda walitegemea umeme wa jenereta za dizeli. Njia ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga imejengwa ili kuunganisha Mkoa wa Katavi na Gridi ya Taifa. Umeme unapoimarika, majokofu, viyoyozi na hita za maji hutumika zaidi majumbani, hivyo ni muhimu mwananchi afahamu kifaa kidogo kinachoviongoza: kidhibiti joto.

Kidhibiti joto ni swichi inayojiendesha. Jokofu likipata joto, swichi hiyo hujifunga na kupeleka umeme kwenye kompresa. Baridi ikitosha, hujifungua na kompresa hupumzika. Katika kiyoyozi cha ukutani, kihisi cha joto hutoa taarifa kwa bodi ya umeme, nayo huamuru kompresa iliyo nje iwake au izime.

Umeme wa majumbani ni wa volti 230. Katika nyaya za sasa, waya wa kahawia huleta umeme, wa bluu huurudisha, na wa kijani wenye mstari wa njano ni wa ardhi. Nyumba za zamani zinaweza kuwa na nyekundu na nyeusi badala ya kahawia na bluu. Swichi ya kidhibiti hukaa kwenye waya unaoleta umeme. Ikiwekwa kwenye waya wa kurudisha, mashine huzima lakini ndani yake umeme hubaki. Waya wa ardhi haupitishwi kwenye swichi yoyote.

Kidhibiti kikiharibika, wapo wanaounganisha nyaya zake mbili moja kwa moja. Jokofu litawaka, lakini kompresa haitapumzika, uniti za LUKU zitaisha haraka na mota inaweza kuungua. Kwenye hita, maji huendelea kuchemka. Vali ya usalama ikishindwa, tangi linaweza kupasuka na kujeruhi.

Kabla ya matengenezo, zima swichi kuu na uchomoe plagi. Rangi pekee si uthibitisho. Fundi apime kila waya. Kwa kazi ya nyaya za nyumba, mwombe akuonyeshe leseni ya EWURA. Kidhibiti kibovu hubadilishwa, hakirukwi.