Bastola Kiunoni, Usukani Mkononi



Jambo tunalokusudia kulieleza leo laonekana dogo, lakini uzito wake si haba. Nalo ni namna ya kuchukua bastola iliyofichwa ndani ya nguo wakati mtu anapoendesha gari. Kila asubuhi ya kazi, katika mtaa wa Kinindo, kusini mwa mji wa Bujumbura, magari hutoka kuelekea katikati ya mji, na mengine hushika njia ya Rumonge kandokando ya Ziwa Tanganyika. Miongoni mwa madereva hao huweza kuwamo maafisa waliovaa kiraia, walinzi wa viongozi na askari wa upelelezi, ambao silaha zao hazionekani kwa macho ya wapita njia. Watu hao wamefundishwa kulenga shabaha. Lakini mafunzo ya shabaha hufanywa mtu akiwa amesimama wima, katika uwanja ulio wazi, bila mkanda wa kiti wala abiria. Gari ni chumba chembamba. Ndani yake mtu amekunja magoti, amefungwa mkanda, mikono yake ina kazi, na pembeni mwake pengine ameketi mke au mtoto.

Kwa sababu hiyo hatuna budi kuanza na ukweli mmoja. Adui wa kuvizia barabarani huja kwa nadra, na pengine haji kabisa maisha yote ya askari. Mkono wa askari mwenyewe, unaoisukuma, unaoivuta na kuihamisha bastola kwa kuwa inamwumiza ubavuni, uko naye kila siku. Basi anayetaka usalama na aiweke silaha yake mahali pake kabla ya kuwasha gari, kisha asiiguse mpaka safari iishe. Mengine yote tutakayoyasema ni matawi ya mti huo.

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo haufai kutumiwa kama udhuru. Mwezi wa Novemba 2008, mjini New York, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, Plaxico Burress, alikuwa amechomeka bastola katika kiuno cha suruali laini ya michezo, bila ala yoyote. Bastola ikaanza kuteleza. Alipojaribu kuidaka, ikafyatuka na kumjeruhi pajani. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 2 kwa kuwa na silaha hiyo kinyume cha sheria. Alikuwa kijana mwenye nguvu na mikono myepesi ya kudaka mpira, na wepesi huo huo ndio uliomponza. Tujifunze hapo kwamba bastola inayoanguka haidakwi. Iachwe ianguke, kisha iokotwe kwa utulivu.

Jambo la kwanza, basi, ni ala, yaani ule mfuko wa ngozi au wa plastiki ngumu unaoishika bastola. Ala njema ina sifa tatu. Inakifunika kabisa kifyatulio, au triga kama wengi wasemavyo. Inaishika bastola isitoke hata gari likirukaruka katika mashimo. Na mdomo wake hubaki wazi hata bastola inapotolewa. Hapa kwetu kando ya ziwa joto na jasho ni vya kila siku, na ngozi iliyolowa jasho miaka mingi hulegea. Mdomo wa ala iliyolegea huweza kukunjika na kuingia mbele ya kifyatulio wakati bastola inaporudishwa, na ukisukuma kwa nguvu, ngozi yenyewe ndiyo itakayofyatua risasi. Hata kamba ya jaketi au pindo la shati huweza kufanya hivyo. Kwa hiyo bastola hurudishwa alani mtu akiwa amesimama nje ya gari, nguo imesogezwa, macho yanatazama, na kidole kiko mbali. Hairudishwi kamwe mtu akiwa ameketi. Nayo ala haitoshi bila mkanda madhubuti wa suruali. Makarov tupu ina uzito wa gramu 730 hivi, na Browning ile iliyoundwa Herstal, Ubelgiji, hukaribia gramu 900. Mkanda mwembamba huinama chini ya mzigo huo, silaha ikaning'inia, na mwenyewe akawa anaipandisha kila dakika. Kupandisha huko ndiko kugusa tunakokukataza.

Jambo la pili ni mahali pa kuiweka mwilini, na hapa inafaa tutazame vizuri gari lenyewe. Nchini Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na gari lililoundwa kwa desturi hiyo lina usukani kushoto. Hata hivyo, magari mengi ya mtumba kutoka Japani yana usukani kulia. Tofauti hiyo hubadili hesabu yote. Katika gari la usukani wa kushoto, mkanda wa kiti hushuka kutoka bega la kushoto na kufungwa kwenye nyonga ya kulia, pale pale ambapo mtu atumiaye mkono wa kulia huweka bastola yake. Kifungio na kitako cha bastola hugombea nafasi moja. Katika gari la usukani wa kulia, kifungio kiko kushoto, na nyonga ya kulia iko karibu na mlango. Hapo kifungio hakisumbui, lakini mkanda bado hupita juu ya nyonga hiyo, na mlango hubana kiwiko.

Kwa mtu wa mkono wa kulia, mahali panapofaa katika magari mengi ni juu ya nyonga ya kulia, au nyuma yake kidogo, pasipofika mgongoni. Sehemu ya mkanda inayopita mapajani ikae chini, juu ya mifupa ya nyonga, ikigusa mwili, na bastola ibaki juu yake. Mkanda usipite juu ya bastola, kwa kuwa magari yakigongana mkanda hukaza kwa nguvu kubwa, na chuma chochote kilicho kati yake na mwili hugeuka nyundo. Pindo la shati au la koti litolewe nje ya mkanda, lisibanwe chini yake. Kiti nacho kirekebishwe, kwani maumivu mengi ya kiuno hutokana na kiti kilicholazwa mno, wala si bastola peke yake.

Ziko sehemu nyingine ambazo watu huzipenda, nasi tutaeleza ubaya wake. Katikati ya mgongo, chuma huukabili uti wa mgongo, na katika mgongano jeraha huweza kuwa la kudumu. Mbele ya tumbo ni rahisi kufikia, lakini mtu akiketi, mtutu huelekea kinenani na pajani, penye mshipa mkubwa wa damu ambao ukipasuka mtu huweza kufa kwa dakika chache. Chini ya kwapa, ala nyingine huilaza bastola hata mtutu ukamtazama abiria wa nyuma. Na kifundoni, silaha huhangaisha mguu ulio na kazi ya kukanyaga breki. Kuna wanaoichomoa na kuiweka chini ya paja, kitini, au katika kisanduku cha mbele. Hao wamekosea kuliko wote. Gari likisimama ghafla, silaha iliyolegea huteleza hadi chini ya breki, au humwendea mtoto aliyeketi nyuma.

Jambo la tatu ni hali ya silaha yenyewe, kwa maana bastola zote si sawa. Tokarev ya asili haina kizuizi cha usalama cha kusogeza kwa kidole; ina kituo cha nusu tu cha nyundo, nacho hakiaminiki. Bastola hiyo ichukuliwe chemba ikiwa tupu. Makarov ina kizuizi ambacho pia hushusha nyundo kwa salama. Glock, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Austria katika miaka ya 1980, haina kizuizi cha nje, na kinga yake kubwa safarini ni ala inayofunika kifyatulio. Iwapo chemba iwe na risasi au iwe tupu ni jambo la kuamuliwa na kanuni za kikosi na amri ya mkuu, wala si ushujaa wa mtu binafsi.

Jambo la nne ni kushuka na kukutana na watu. Kabla ya kufungua mlango, mkanda ufunguliwe na uongozwe kwa mkono mpaka urudi mahali pake, usije ukanasa kitako cha bastola. Nguo ishushwe vizuri. Akisha simama nje, askari ahakikishe silaha ipo kwa kuigusa kwa kiwiko, asiipapase kwa kiganja mbele ya watu. Na penye kizuizi cha barabarani, askari aliyevaa kiraia akumbuke kwamba yule aliye mbele yake hamjui. Usiku awashe taa ya ndani ya gari, ashushe kioo, mikono yote miwili aiweke juu ya usukani, ajitambulishe kwa maneno, na asubiri kuambiwa atoe kitambulisho. Kitambulisho chenyewe kikae mfuko wa upande usio na bastola. Wako walioweka vyote viwili upande mmoja, na mkono ulioelekea kwenye kitambulisho huonekana kwa mlinzi kama mkono uendao kwenye silaha. Katika giza, na katika hofu, tofauti hiyo ndogo ni ya uhai na mauti.

Jambo la tano ni gari lililoegeshwa. Baadhi ya watu huogopa kwamba jua la Bujumbura litalipua risasi ndani ya gari lililofungwa. Joto hilo halifikii kiasi hicho. Hatari ya kweli ni mwizi, anayehitaji jiwe moja tu kuvunja kioo. Hapo, ndugu wasikilizaji, jambo la kiuno cha mtu mmoja hugeuka kuwa jambo la taifa. Nchi yetu inajua bei ya silaha zilizozagaa. Baada ya Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, vita viliingia mitaani na vijijini, na bunduki zikaingia majumbani. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000, lakini silaha hazikuondoka kwa sahihi peke yake. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za eneo letu, Burundi ikiwemo, zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi inayozitaka kuzitia alama silaha ndogo, kuziandika na kuzihifadhi kwa usalama. Mwaka 2009 Burundi ilipata sheria yake ya silaha ndogo, na wananchi wakatakiwa kuzisalimisha kwa hiari zile walizokuwa nazo. Raia aliyeitoa bunduki yake kwa kuiamini dola ataelewaje, endapo bastola ya dola itaibwa garini huku mwenyewe akiburudika kwa kinywaji? Nacho kinywaji kisemwe wazi: anayekwenda kunywa airudishe silaha ghalani kwanza.

La mwisho ni kufika nyumbani. Bastola isitolewe risasi garini, wala sebuleni mbele ya watoto. Ielekezwe kwenye ndoo iliyojaa mchanga, kidole kikiwa nje. Kwanza itolewe magazini. Pili chuma cha juu kivutwe nyuma ili risasi ya chembani itoke. Tatu chemba itazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole. Utaratibu huo usigeuzwe. Anayevuta kwanza, kisha akatoa magazini, huwa ameingiza risasi mpya chembani bila kujua. Browning nyingi hazifyatuki magazini ikiwa nje, lakini Makarov na Tokarev hufyatuka, na wengi wamedanganyika kwa kuona kitako kitupu. Kisha silaha ifungiwe kwa ufunguo, na risasi zifungiwe mbali nayo.

Ndugu askari, raia wa Kinindo anayepishana nawe asubuhi hajui kwamba una silaha, wala hahitaji kujua. Anachohitaji ni kufika kazini na kumrudia mwanawe jioni, kama unavyohitaji wewe. Bastola iliyopewa mkono wako ni mali ya umma, na umma umekuamini kwa vitu viwili: kwamba utaitumia sheria inapoamuru, na kwamba siku nyingine zote italala kimya katika ala yake. Hilo la kwanza huenda usilitende kamwe. Hilo la pili utalitenda leo jioni, utakapofungua mlango wa gari.