Mkopo wa Haraka: Hesabu Shilingi, Hesabu na Siku

Mvua za vuli zikikaribia, wakulima wa Katangi na maeneo mengine ya Yatta huhitaji pesa za mbegu, za kulimiwa shamba na za vibarua. Januari nayo huja na karo. Nyakati hizi ndizo wengi hukopa kwa simu au kwa shailoki. Pesa huingia kwa dakika chache. Kabla ya kukubali, jiulize maswali mawili: nitalipa jumla ya shilingi ngapi, na pesa za kulipia zitaingia lini?

Ada ndogo, muda mfupi

M-Shwari ilipoanzishwa Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa shilingi 1,000, hiyo ni shilingi 75. Yaonekana ndogo. Lakini anayekopa 1,000 hiyo kila mwezi hulipa ada ya shilingi 900 kwa mwaka, yaani asilimia 90.

Wakopeshaji wengine hukata ada mapema. Tuseme umeomba 5,000, ukapokea 4,250, na baada ya siku 30 unadaiwa 5,000. Umeambiwa ada ni asilimia 15. Ukilinganisha na pesa zilizokufikia mkononi, umelipa karibu asilimia 18. Ukidaiwa kiasi hicho hicho baada ya siku 14, gharama ya kila siku inazidi maradufu.

Shamba halilipi kwa siku 30

Mkulima anayekopa 5,000 katikati ya Oktoba hupanda ndengu au mahindi, huvuna, hukausha, kisha hutafuta soko. Pesa zaweza kufika katikati ya Februari, miezi minne baadaye. Mkopo wa siku 30 utakuwa umeiva mara nne. Linganisha:

- Mkopo wa asilimia 15 kwa mwezi, ukilipa ada tu kila mwezi ili usogezewe muda: ada ya 3,000, na deni la 5,000 bado lipo.
- Mkopo huo huo, ada ikiongezwa juu ya deni kila mwezi: unadaiwa karibu 8,745.
- Mkopo wa chama cha akiba na mikopo wa asilimia 1 kwa mwezi, ukilipa riba kila mwezi na 5,000 mwishoni: riba ya 200 pekee.

Mbegu ni zile zile, shamba ni lile lile. Kilichobadilika ni riba na muda wa mkopo. Ndiyo maana wengine huuza mbuzi au mazao yakiwa bado shambani ili kulipa deni, au hukopa kwa mmoja wamlipe mwingine.

Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ina riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Mkopo wa 1,000 kwa siku 14 hugharimu takriban shilingi 3, na asilimia 5 ya mkopo huwekwa kama akiba yako. Ni nafuu, lakini siku 14 zamfaa mwenye biashara ya kila siku, kama mama mboga, kuliko anayesubiri mavuno.

Kwa mwenye mshahara

Advansi hupunguza mshahara ujao, na mwezi unaofuata pengo hulazimisha advansi nyingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Usimwachie mkopeshaji yeyote kadi yako ya benki na namba ya siri, kwani atakuwa ndiye anayepokea mshahara wako kwanza.

Haki zako

Tangu Kanuni za Wakopeshaji wa Kidijitali za 2022, kampuni hizi zinatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Zinapaswa kukueleza ada na masharti yote kabla hujakubali. Haziruhusiwi kukutisha, kukutukana wala kuwapigia watu walio katika simu yako ili kukuaibisha. Ukifanyiwa hivyo, hifadhi ujumbe na namba iliyotumika, kisha ulalamike kwa Benki Kuu au kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Mnamo Septemba 2023 ofisi hiyo ilimtoza mkopeshaji mmoja wa kidijitali faini ya shilingi 2,975,000 kwa makosa ya aina hii.

Unaweza pia kupata ripoti yako ya mikopo bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka shirika la taarifa za mikopo (CRB).

Kabla ya kubonyeza

1. Andika kiasi utakachopokea na kiasi utakacholipa. Tofauti yake ndiyo bei ya mkopo.
2. Andika tarehe ya kulipa na tarehe ya mapato yako. Ikiwa mapato yatakuja baadaye, tafuta mkopo wa muda mrefu zaidi.
3. Hakikisha jina la mkopeshaji limo katika orodha ya Benki Kuu.
4. Uliza kwanza chama chako au Sacco. Kama huna, anza kuweka akiba sasa, kwani Sacco nyingi hutaka mwanachama awe na akiba kwa miezi kadhaa kabla ya kumkopesha.
5. Ukiona hutaweza kulipa kwa wakati, zungumza na mkopeshaji kabla ya tarehe kufika. Usikope kwingine ili kumlipa.