Je, Wajua? Bahari Inazidi Kutuletea Wageni

Je, wajua kila mwaka viumbe wapya takriban 2,000 wa baharini hupewa majina ya kisayansi? Piga hesabu: kama 5 kila siku!

Mwaka 1843, msomi Edward Forbes alidai kwamba chini ya mita 550 baharini hakuna uhai. Ikaja meli ya Challenger, ikazunguka dunia kuanzia 1872 hadi 1876 ikikokota nyavu vilindini. Ilirudi Uingereza na viumbe wapya wapatao 4,700!

Silikanti unamjua? Samaki huyu alidhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, akamwona kwenye lundo la samaki bandarini: wa buluu, mita moja na nusu! Wataalamu wakamsaka wa pili kwa miaka 14, wakampata Komoro. Kumbe wavuvi wa huko wanamfahamu siku zote, na jina wamempa: gombesa. Tanga nako yupo, tena ana hifadhi yake ya bahari tangu 2009.

Bado! Mwaka 1997 mwanabiolojia Mark Erdmann alikuwa kwenye fungate Indonesia. Wakiwa sokoni Manado, mkewe akaona samaki wa ajabu akipita juu ya mkokoteni. Silikanti! Na si yule wa Afrika, ni spishi nyingine kabisa.

Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galapagos, wanajiolojia walishuka mita 2,500 kutafuta chemchemi za maji ya moto. Wakakuta minyoo warefu kumzidi mtu, hawana mdomo wala utumbo! Wanalishwa na bakteria wanaoishi ndani yao. Mwanabiolojia hakuwemo safarini, dawa ya kuhifadhia viumbe ilikuwa kidogo, basi wengine wakahifadhiwa kwa vodka.

Jaza kijiko cha chai maji ya bahari ya tropiki. Huenda umebeba Prochlorococcus zaidi ya 100,000, kijidudu kinachotengeneza chakula kwa jua kama mmea. Ndicho kingi kuliko vyote vya aina hiyo duniani, na hadi miaka ya 1980 hakuna aliyekijua!

Na hapa kwetu je? Mwaka 2019 alitangazwa samaki mpya wa miamba ya Zanzibar, mdogo, magamba ya zambarau iliyokolea. Jina lake la kisayansi ni Cirrhilabrus wakanda. Naam, Wakanda ile ile, nchi ya kubuni ya sinema!