Alirudishwa Kwao Juu ni Mfupi: Hivi Ndivyo Maskauti wa Besiboli Husoma Mtoi wa Miaka 16

Cheki hii story. Ni 2007, mji unaitwa Maracay, kule Venezuela. Timu ya Houston Astros imeita watoi waje majaribio. Kwa hiyo mbogi kuna kijana wa miaka 16 anaitwa José Altuve. Kijana ni mfupi, na si ule ufupi wa kusema "atarefuka tu." Hata leo akiwa mtu mzima ako kama sentimita 168. Maskauti wakamwangalia, wakashuku hata miaka anadanganya, wakamwambia ajipe shughuli.

Mbuyu yake akamwambia arudi. Kesho yake kijana akatokea tena uwanjani na cheti cha kuzaliwa. Safari hii akaachwa acheze. Wakamsaini kwa dola 15,000, karibu milioni mbili za Kenya kwa bei ya siku hizi. Kwetu hiyo ni ganji ya maana. Kwa hiyo biashara yao ni pesa ya chai.

Sasa huyo mfupi ashachukua taji la mpigaji bora wa American League mara tatu, 2014, 2016 na 2017, na hiyo 2017 akatajwa mchezaji wa thamani zaidi wa hiyo ligi. Na kabla mnirukie, ndio, ligi ilichunguza ikapata Astros waliiba ishara za wapinzani hiyo 2017. Lakini lile taji la 2014 hakuna mtu anaweza gusa.

So swali ni hili: wale wasee wanalipwa kuona talanta waliona nini siku ya kwanza, na walikosa kuona nini?

Skauti anatafuta nini hasa?

Kwanza tuelewane. Skauti hapa si wale wa skafu shingoni na kuimba kando ya moto. Huyu ni msee anazunguka viwanja vya vumbi na kofia, daftari na stopwochi, akitafuta mtoi wa kusainiwa. Na kazi yake ni ngumu kuliko ya skauti wa mpira wa miguu. Mtoi wa soka wa 16 akiwa moto sana anaweza ingizwa timu kubwa mwaka huo huo. Wa besiboli atakaa miaka minne, mitano, hata minane kwa ligi ndogo kabla aone ile kubwa, MLB. Kwa hivyo skauti haulizi "huyu mtoi ni mkali?" Anauliza "huyu mtoi akifika 24 atakuwa nani?"

Hiyo ni kazi ya kubahatisha. Tofauti ya skauti mzuri na mbaya ni kwamba mzuri anajua ni wapi anabahatisha.

Besiboli kwa dakika moja

Kaa ulicheza raunda primary, uko karibu kuelewa. Kuna mrushaji, kuna mpigaji na gongo, na kuna besi unazunguka mpaka urudi pale ulianzia. Kutoka besi moja hadi nyingine ni mita 27 na kitu. Wale wanalinda hapo ndani, karibu na hizo besi, ni wanne: wa besi ya kwanza, wa pili, wa tatu, na mmoja anasimama katikati ya ya pili na ya tatu. Huyo anaitwa shotistopu.

Shotistopu ndiye mfalme wa hapo ndani. Mipira mingi ya kutambaa chini inakuja kwake, na ako mbali na besi ya kwanza, kwa hivyo lazima akuwe na miguu, mikono na bega. Ndio maana kila mtoi mkali Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi anaanzia hapo. Ukiwa mzuri shotistopu, kwingine utatoshea. Ukianzia besi ya kwanza, hauna pa kwenda.

Sekunde 4.3 za ukweli

Hapa ndio stopwochi inaingia. Mpigaji wa kawaida wa MLB, wa mkono wa kulia, huchukua kama sekunde 4.3 kutoka gongo liguse mpira hadi mguu wake uguse besi ya kwanza. Wa kushoto huchukua kama 4.2 juu amesimama hatua moja karibu. Ndani ya hizo sekunde, shotistopu lazima aufikie mpira, audake, autoe kwa glavu, aurushe hata mita 35, na ufike kabla ya ule mguu.

Kwa hivyo skauti haangalii kama mtoi amedaka tu. Anaangalia vitu tatu.

Kwanza ni miguu. Mtoi mbaya husimama akingoja mpira umfikie, alafu anauvamia na mikono. Mtoi mzuri anasonga kabla haujadunda mara ya pili, na anajichagulia ni wapi atakutana nao. Ukiona mtoi anafanya ionekane rahisi, kuna uwezekano miguu yake ilifanya kazi mapema.

Pili ni mikono. Maskauti husema mikono laini. Yaani mpira ukigonga glavu hausikii "paa" ya kupigana, unaona glavu ikirudi nyuma kidogo kama mtu anapokea yai. Alafu mkono mwingine uko hapo hapo, tayari kuutoa.

Tatu ni bega. Mpira unaruka ukiwa umenyooka ama unapanda juu kaa jiwe la kuangusha maembe? Na akirusha akiwa amekosa mizani, akiwa anakimbia upande mwingine, unafika?

Ile alama ya 20 hadi 80

Baada ya hapo, skauti anaandika ripoti. Besiboli iko na mtihani wake: alama zinaanza 20 zinaishia 80. Hakuna sifuri, hakuna mia. 50 ni mchezaji wa kawaida wa MLB, na hapo ndio watu huchanganyikiwa. Kupewa 50 si kufeli. Ni kuambiwa uko sawa na watu wanalipwa mamilioni ya dola. 80 ni ya wachache sana, unaweza maliza msimu bila kuandika hata moja.

Anapimwa vitu tano: kugusa mpira na gongo, nguvu ya kuupeleka mbali, mbio, kudaka, na kurusha. Na kila moja inapewa alama mbili, ya leo na ya kesho. Mtoi wa 16 anaweza andikiwa 25 kwa gongo leo na 55 kesho. Hiyo pengo ya 30 ndio skauti anauzia timu yake. Akikosea, ni jina lake.

Mbio hupimwa kwa mita 55 hivi. Sekunde 6.8 ni fiti. 6.4 skauti anaamka kwa kiti.

Gongo ndio huvunja roho

Vitu vinne kati ya hizo tano unaweza viona kwa asubuhi moja. Mbio ni mbio. Bega ni bega. Lakini gongo linadanganya. Siku ya majaribio mtoi anarushiwa mipira myepesi na kocha wake, anapiga yote inapita ukuta, watu wanapiga makofi. Hiyo haikuambii atafanya nini akikutana na mpira wa kilomita 150 kwa saa, ama ule unaonekana umenyooka alafu dakika ya mwisho unakata kona. Ndio maana skauti mwenye rada anataka kumwona kwa mechi, mara kadhaa, na anaangalia sana mipira ambayo mtoi ameamua kuacha ipite. Kujua usipige nini ni nusu ya kupiga.

Mfano uko hapa Afrika. Gift Ngoepe alilelewa Randburg, karibu na Johannesburg, ndani ya jengo la klabu ya besiboli ambapo mathee yake alikuwa anafanya kazi. Pittsburgh Pirates wakamsaini 2008. Kwa kudaka, jamaa alikuwa moto, glavu ya kiwango cha juu kabisa. Shida ilikuwa gongo. Akakaa ligi ndogo miaka na miaka. Alafu tarehe 26 Aprili 2017 akaingia uwanjani dhidi ya Chicago Cubs, mtu wa kwanza kuzaliwa Afrika kucheza MLB, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapiga na kufika besi. Lakini kwa jumla hakufikisha hata mechi 50 huko juu. Glavu ilimfikisha. Gongo halikumwacha akae.

Hao maskauti walikosea? Kwangu, hapana. Walisoma kile kilisomeka.

Mwili haujaisha kukua

Kitu kingine cha kubahatisha ni mwili. Skauti anaangalia upana wa mabega, ukubwa wa viganja na miguu, hata anaomba kuona wazazi. Juu mtoi akijaa sana, ile wepesi ya shotistopu inaisha.

Miguel Sanó wa Jamhuri ya Dominika alisainiwa na Minnesota Twins 2009 kwa dola milioni 3.15 akiwa shotistopu. Mwili ukajaa, akasukumwa besi ya tatu, baadaye ya kwanza. Nguvu alikuwa nayo, lakini ile nafasi ilienda.

Sasa cheki upande ule mwingine. Elly De La Cruz, pia wa Dominika, Cincinnati Reds walimlipa dola 65,000 tu mwaka 2018. Akarefuka mpaka karibu sentimita 196, na bado akabaki shotistopu. Mwaka 2024 aliiba besi 67, hakuna mtu MLB alimfikia. Mmoja alikua akapoteza nafasi, mwingine alikua akawa mnyama. Kwa karatasi ya miaka 16, ungejua aje?

Story ya umri

Hapa Kenya tunajua hii. Kila mtu ashaona mechi za shule ambapo msee wa form two ana ndevu na sauti ya kondakta. Kwa besiboli hiyo mchezo iko na bei. Mwaka 2006 Washington Nationals walilipa dola milioni 1.4 kwa shotistopu wa Dominika wa miaka 16. Mapema 2009 ikajulikana jina halikuwa lake, na alikuwa amejipunguzia miaka minne. Ukiwa 20 unacheza na watoi wa 16, lazima ukae mkali.

Na hii inaumiza wasio na makosa. Jirani zetu Uganda, 2011, timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Marekani. Wakanyimwa viza juu ya utata wa stakabadhi za umri. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ndio ikaenda, ya kwanza kutoka Afrika kucheza hapo. Karatasi moja inaweza kukufungia dunia.

Kichwa

Maskauti wazee watakuambia usitoke baada ya mtoi kufanya kosa. Hapo ndio kazi inaanza. Mpira umempita katikati ya miguu, watu wamecheka. Mpira unaofuata anautaka ama anajificha? Analaumu uwanja? Anamkasirikia mwenzake? Hiyo haina stopwochi, lakini iko kwa ripoti.

Nani analipa hii bei?

Hii kitu si burudani pekee. Timu zote 30 za MLB ziko na akademia Jamhuri ya Dominika. Mtoi anaruhusiwa kusaini akiwa 16, lakini makubaliano ya mdomo huanza mapema, wengine wakiwa 13. Kuna wakufunzi wa mtaani, huitwa buscón, wanamlisha mtoi, wanamlaza, wanamfunza, alafu akisaini wanakata yao, mara nyingi kama asilimia 30 au zaidi. Wengi wa hao watoi wameacha shule ndio wadake mipira asubuhi na jioni. Mimi mwenyewe niliacha chuo, kwa hivyo sitamhubiria mtu. Lakini mimi niliamua nikiwa mkubwa. Wao waliamuliwa wakiwa wadogo, na wengi sana wa wale wanasaini hawataiona MLB.

Ndio maana jicho la skauti lina uzito. Akiangalia haraka, mtoi mmoja anarudi nyumbani bila shule na bila kandarasi.

Turudi Maracay. Siku ya pili, mtu wa Astros aliyempigania Altuve ni Al Pedrique, Mvenezuela ambaye yeye mwenyewe aliwahi kucheza shotistopu MLB. Altuve hakuwa amerefuka usiku. Miguu ni ile ile, gongo ni lile lile. Kitu pekee kilibadilika ni kwamba safari hii mtu aliangalia mchezo kabla ya kuangalia urefu.

So ukiona mtoi wa mtaa wenu anadaka kila kitu kinamfikia, iwe ni besiboli, soka ama basketi, usimpime siku moja. Rudi kesho. Na ukiwa wewe ndio ule mtoi umeambiwa hautoshi, beba cheti chako, rudi kesho pia.