Kuzalisha au Kufua? Jenereta katika Gari la Umeme

Jenereta huitwa mtambo wa kuzalisha umeme. Makala haya yanaonyesha jinsi kitenzi hicho kinavyoweza kumpotosha fundi.

Tuchukue mfano wa fundi wa Mautuma, Kaunti ya Kakamega, aliyejiundia gari la umeme. Betri ikimwishia njiani, huenda akashawishika kufunga jenereta kwenye magurudumu ili gari lijichaji lenyewe. Atapata hasara. Magurudumu huzungushwa na mota, mota hutumia umeme wa betri, na katika kila hatua sehemu ya nguvu hupotea kama joto. Betri itaisha mapema zaidi.

Jenereta yenye faida ni ile inayozungushwa na injini yake ya mafuta. Gari likitumia kilowati 10 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, betri ya kilowati-saa 10 hulifikisha kilomita 60. Likiongezewa jenereta ya kilowati 3, hufika takribani kilomita 85. Ndio mpango wa Kiira EV SMACK, gari lililoundwa Uganda mwaka 2014, baada ya Kiira EV ya betri pekee iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011.

Kuzaa ni kuleta kipya, ilhali jenereta hugeuza tu nguvu iliyopo. Hivyo basi, istilahi inayotumika Tanzania, kufua umeme, ina mashiko zaidi: mfua chuma haumbi chuma, hukibadilisha umbo.