Tai, Mwewe na Kipanga: Kuwatambua Ndege Mbuai Warukapo na Tatizo la Kuwafasili

1. Utangulizi

Mtu akiuliza mwewe ni ndege gani, aghalabu hujibiwa kuwa ni ndege anyakuaye vifaranga. Akiuliza juu ya kipanga, huenda akapewa jibu lilo hilo. Na akiuliza juu ya tai, ataambiwa kuwa ni ndege mkubwa alaye nyama, jibu ambalo lamfaa tumbusi vilevile. Majibu haya si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba hayabagui. Fasili njema ni ile imwezeshayo msomaji kukitambua kitu kilichofasiliwa na kukitenga na jirani zake.

Ndege mbuai huonekana na watu wengi wakiwa angani, mbali, na kwa muda mfupi. Kwa hiyo sifa zinazostahili kutangulia katika fasili zao ni zile zionekanazo wakiwa katika hali hiyo. Makala haya yanaeleza alama ambazo watazamaji wa ndege huzitegemea, hasa kwa ndege wa Kenya, kisha yanaonyesha jinsi alama hizo zinavyoweza kumsaidia mtunga kamusi.

2. Umbo kabla ya rangi

Mtazamaji mgeni hukimbilia rangi, na rangi humpoteza. Ndege aliye baina ya jicho na anga yenye mwanga huonekana mweusi hata akiwa wa rangi nyingine. Tena makinda ya ndege mbuai mara nyingi hayafanani na wazazi wao: pungu mchanga ni wa hudhurungi mwili mzima, na hupita miaka kadhaa kabla hajavaa weusi wa utu uzima. Zaidi ya hayo, baadhi ya jamii zina ndege weusi na weupe katika ukoo mmoja.

Kwa sababu hizo yafaa kuuliza maswali manne kwa utaratibu. Kwanza, mabawa ni mapana au membamba, na ncha zake ni za mviringo, zimechongoka, au zimeachana kama vidole? Pili, mkia ni mrefu au mfupi, na mwisho wake umekatwa vipi? Tatu, ndege anapoelea, mabawa ameyalaza sawasawa, ameyainua, au ameyapinda? Nne, anakwendaje: anazunguka, anapigapiga mabawa, anayumba, au anasimama hewani mahali pamoja? Rangi hufuata baada ya hayo, ili kuthibitisha.

3. Makundi makuu

Tumbusi hutambulikana kwa mabawa marefu na mapana yenye ncha za vidole, mkia mfupi, na kichwa kidogo ambacho hakijitokezi sana mbele ya mabawa. Huzunguka juu sana pasipo kupiga bawa, kwa kuwa huchukuliwa na hewa ya joto ipandayo kutoka ardhini. Ndiyo sababu haonekani angani kwa wingi alfajiri, bali jua likishapanda na ardhi ikapata moto. Uwezo wake wa kupaa ni mkubwa ajabu: mwaka 1973 tumbusi wa jamii ya Gyps rueppelli aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, katika kimo cha mita 11,300 hivi.

Tai hasa naye ana mabawa mapana, lakini kichwa chake hujitokeza wazi, na mkia wake si mfupi kama wa tumbusi. Aliye mkubwa kupita wote katika mbuga zetu, Polemaetus bellicosus, ana kichwa na kifua cheusi-cheusi na tumbo jeupe lenye madoa, na upande wa chini wa mabawa yake ni mweusi-mweusi. Tai wa msituni, Stephanoaetus coronatus, ana mabawa mafupi zaidi yenye ncha za mviringo na mkia mrefu wenye mistari, maumbile yanayomwezesha kupenya baina ya miti.

Pungu hahitaji darubini. Mkia wake ni mfupi mno hata miguu huuzidi, na mabawa yake ni marefu, nayo huyainua kidogo aeleapo. Hapigi mabawa mara kwa mara. Huenda kwa kuyumba upande huu na upande huu, kama mtu atembeaye juu ya kamba. Hata wageni waliompa majina waliziona sifa hizi. Msafiri François Levaillant alimwita kwa neno la Kifaransa lenye maana ya mwanasarakasi, naye aliyempa jina la kisayansi, ecaudatus, alimtaja kuwa hana mkia. Jina moja lataja mwendo, jingine umbo. Aliyekomaa hata dume na jike hutofautishwa kutoka chini: ukingo mweusi wa nyuma ya bawa la dume ni mpana, wa jike ni mwembamba.

Mwewe, azoeleke mijini na vijijini, ana mkia wenye panda. Mkia huo huupindapinda kama usukani wa chombo huku mabawa yake marefu yakiwa yamepindika kifundoni. Hapana ndege mbuai mwingine wa kawaida nchini mwenye alama hizi mbili pamoja.

Katika nyanda za juu yuko Buteo augur, mwenye mabawa mapana ayainuayo aeleapo na mkia mfupi wa rangi ya kutu. Chakula chake kikubwa ni panya, fuko, mijusi na nyoka, kwa hiyo ni rafiki wa mkulima. Lakini kwa wasiotazama mkia, huyu naye ni mwewe, na adhabu ya mwizi wa vifaranga yaweza kumwangukia yeye.

Waliobaki ni wadogo, nao hugawanyika pande mbili. Wako wenye mabawa yaliyochongoka, waendao kwa kasi katika uwanda na anga wazi. Mmoja wao, Falco peregrinus, hupita kilomita 300 kwa saa ajitupapo kutoka juu. Na wako wenye mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu, ambao hupiga mabawa mara chache, wakaelea, wakapiga tena, wakijificha mitini. Majina kozi na kipanga hutumiwa bila mpaka kwa makundi haya. Lingekuwa jambo la faida iwapo kozi lingewekewa kundi la kwanza na kipanga la pili, kwani lugha tayari ina majina mawili na maumbile tayari yana migao miwili.

4. Kwazi na furukombe

Mfano ulio bora wa tatizo hili ni majina kwazi na furukombe. Wapo wayachukuao kuwa ni visawe, na wapo wayatengao. Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba nchini wako ndege wawili mbalimbali ambao wote huwinda samaki, na maelezo ya kazi peke yake hayawezi kuwatenga.

Wa kwanza, Haliaeetus vocifer wa vitabu vingi, ni mwenyeji wa maziwa kama Naivasha na Baringo. Mabawa yake ni mapana, mkia wake mfupi ni mweupe, na kichwa na kifua ni vyeupe juu ya tumbo la hudhurungi nyekundu. Sauti yake husikika mbali. Wa pili, Pandion haliaetus, huja kutoka Ulaya na Asia wakati wa baridi ya huko. Mabawa yake ni marefu na membamba, yamepindwa kifundoni, na hapo kifundoni pana baka jeusi. Tumbo ni jeupe. Wa kwanza aghalabu humchota samaki karibu na uso wa maji, wa pili hujitupa miguu mbele hata pengine akazama.

Iwapo kwazi atakuwa wa kwanza na furukombe wa pili, kila jina litapata mwenyewe. Uamuzi huo wahitaji kwanza kuwauliza wavuvi na wazee wa pwani huku ndege akionyeshwa angani, si kwa picha ya ndege aliyetua peke yake.

5. Fasili za mfano

Kwa kufuata utaratibu uliotangulia, vidahizo vyaweza kuandikwa hivi:

mwewe: ndege mbuai wa hudhurungi, mkia wake una panda naye huupindapinda arukapo, hula mizoga midogo na takataka, na hunyakua vifaranga.

pungu: ndege mbuai mweusi mwenye mkia mfupi kuliko miguu na mabawa marefu meupe upande wa chini, huelea akiyumba.

tumbusi: ndege mkubwa alaye mizoga, mabawa mapana yenye ncha kama vidole, mkia mfupi, huzunguka juu sana bila kupiga bawa.

Kila fasili imebeba umbo, mwendo na kazi. Kazi haikuachwa, maana ndiyo iliyozaa methali na tashbihi; imekatazwa tu kusimama peke yake.

6. Hitimisho

Yaweza kudhaniwa kuwa haya ni mambo ya wanazuoni wa wanyama. Sivyo. Tangu mwaka 2015 jamii kadhaa za tumbusi wa Afrika, miongoni mwao Gyps africanus na Gyps rueppelli, zimewekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Sababu moja kuu ni sumu itiwayo katika mizoga ili kuwaua simba na fisi walao mifugo. Anayewaeleza wafugaji jambo hili kwa Kiswahili anahitaji neno ambalo msikilizaji atalielekeza kwa ndege yule yule. Akisema tai, mmoja atamfikiria mlaji wa mizoga na mwingine mwindaji wa sungura, na maonyo yatapotea njiani.

Wazee waliowataja ndege hawa kwa kunyosha kidole juu wanapungua, na mtoto wa mjini hulipata neno kutoka kitabuni. Ni wajibu wa kitabu hicho kumpa alama atakazoweza kuzitazama atokapo nje.